Skrini Hii Haikuundwa na Mtu wa Timboroa

Nianze na kitu ambacho kila mtu wa huku amekiona na hakuna anayekiandika. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stejini Timboroa. Bodaboda amevaa jaketi mbili, mavin na glavu. Abiria amelipa kwa M-Pesa, simu imelia mfukoni. Sasa jamaa afanye nini? Anauma ncha ya glavu kwa meno, anaivuta, anaibana kwapani, anatoa simu. Kioo kina umande, anakipangusa kwenye paja. Anagusa, hakijibu. Anapulizia kidole. Anagusa tena. Nusu dakika nzima ya kuhakikisha shilingi hamsini.

Kama uko Mombasa ama Kisumu utacheka, utasema si anunue glavu za kukatwa vidole. Lakini mimi nasema hiyo si shida ya bodaboda. Hiyo ni historia. Skrini ya simu yako ina kwao na ina wazazi, na wazazi wake walikuwa wamekaa ndani ya nyumba yenye joto. Sisi tumeletewa mtoto wao juu ya mlima, halafu tunaambiwa tumzoee.

Nipe dakika kumi nikuonyeshe.

Kwanza, baridi yenyewe

Watu wakisikia Kenya iko kwenye ikweta wanafikiri sote tunatokwa jasho. Ikweta inapita hapa karibu kabisa na Timboroa, na bado kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa umande ulioganda. Sababu ni urefu. Stesheni ya reli ya Timboroa iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, na karibu na hapo reli inapanda mpaka futi 9,136, yaani kama mita 2,785. Reli hiyo ilitoka Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924, baadaye ikaendelea hadi Uganda na kuingia Kampala mwaka 1931. Waingereza walijivunia sana kipande hiki. Kwa miaka mingi Timboroa ilitajwa kama stesheni ya juu kuliko zote katika dola yao. Sifa ilikuwa ya dola. Baridi ilikuwa ya kibarua.

Sasa angalia vifaa vilivyokuja na reli. Tangu Reli ya Uganda ianze kujengwa Mombasa mwaka 1896, waya wa telegrafu ulitembea nayo kandokando. Telegrafu ya Morse ni kitu rahisi sana: kuna kijiti kimoja cha kubonyeza, mbonyezo mfupi au mrefu, basi. Kuna mkono wa chuma wa kugeuza njia ya treni. Kuna bendera, kuna taa, kuna filimbi. Vyote hivyo unavitumia ukiwa umevaa glavu nene za ngozi, mikono imejaa grisi, mvua inanyesha.

Sisemi waliounda vile vifaa walikuwa wanatupenda. Walichojali ni mahindi na ngano ya masetla yafike bandarini. Lakini walijua jambo moja ambalo watu wa simu walikuja kulisahau: kazi inafanyika nje, na mtu wa nje amejifunika mikono.

Somo kutoka kwa watu wa kayak

Hebu tutoke Timboroa kidogo. Kuna video ambazo siku hizi zinanifuata kila nikifungua simu: watu wa nchi za baridi wanavua samaki wakiwa ndani ya kayak, ule mtumbwi mwembamba wa kukaliwa na mtu mmoja. Simu iko ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, imefungwa kwa kamba. Ndiyo ramani yao, ndiyo kamera yao, na mambo yakiharibika ndiyo ya kuitia msaada. Mikononi wana glavu za mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi. Na kila mmoja wao, bila kukosa, anafanya kile kile cha bodaboda wetu: anavua glavu kwa meno.

Kinachochekesha ni kwamba kayak yenyewe haina hiyo shida. Jina kayak limetoka kwa Wainuit, watu wa Greenland na kaskazini mwa Kanada na Alaska. Mababu wa kule waliijenga kwa fremu ya mti au mifupa, wakaifunika kwa ngozi ya sili. Halafu Greenland wakashona koti la ngozi linaloitwa tuilik. Koti hilo linakazwa usoni, linakazwa kwenye vifundo vya mikono, na chini linafungwa kuzunguka tundu la mtumbwi lenyewe. Mtu, nguo na mtumbwi vinakuwa kitu kimoja. Ukipinduka, maji hayaingii, na ukiwa fundi unajigeuza tena unatokea juu.

Unaona vile walifikiria? Hawakutengeneza mtumbwi kwanza halafu baadaye wakakumbuka kuna baridi. Baridi ilikuwa ndani ya mchoro toka siku ya kwanza, kwa sababu aliyechora ndiye aliyekuwa anaenda kukaa ndani. Akikosea, anakufa yeye, si mteja.

Kwa hiyo mvuvi wa leo amekalia chombo kilichoundwa na watu wa baridi, na mkononi ameshika chombo kilichoundwa na watu wa ofisini. Ndiyo maana wanaojua maji baridi wanashauriana wasitegemee simu peke yake. Beba filimbi. Beba redio ya mawasiliano yenye vibonyezo vya kubonyezeka. Yaani, kwa lugha nyingine, rudi kwenye mambo ya stesheni ya Timboroa mwaka 1924.

Skrini ilizaliwa ndani ya nyumba

Hii si kejeli, ni rekodi. Mwaka 1965 mhandisi Mwingereza, E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi Royal Radar Establishment huko Malvern, aliandika kuhusu skrini inayojua imeguswa na kidole. Alikuwa anawaza waongoza ndege, watu waliokaa kwenye kiti mbele ya mtambo, mikono mitupu. Miaka ya 1970, Bent Stumpe na Frank Beck pale CERN, karibu na Geneva, wakatengeneza skrini zao angavu za kugusa. Za nini? Za chumba cha kuongozea mtambo mkubwa wa fizikia. Chumba. Chenye mlango, paa na joto.

Na sayansi yake inafuata mantiki hiyo hiyo ya chumbani. Chini ya kioo cha simu yako kuna nyavu nyembamba sana za umeme, huwezi kuziona. Mwili wako umejaa maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikikaribia, kinavuta chaji kidogo, simu inasema: aha, amegusa hapa. Sufu haipitishi umeme. Ngozi kavu ya glavu haipitishi. Mpira ndiyo kabisa. Kwa simu, mtu aliyevaa glavu hayuko.

Maji nayo yanapitisha, kwa hiyo tone la mvua linaweza kuonekana kama kidole. Ndiyo sababu mvua ikinyesha simu inaanza kujifungulia vitu ovyo kama imepagawa. Na kidole kikiwa kikavu sana kwa baridi, kimepasuka, kina sugu la jembe, simu inaweza kukisoma vibaya hata bila glavu. Uliza mtu yeyote anayechimba waru huku kama alama ya kidole inamfungulia simu asubuhi. Atakuonyesha vile anabonyeza nambari ya siri mara tatu.

Halafu ongeza betri. Betri za lithiamu zinafanya kazi kwa chembe zinazosafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi ikizidi, safari inakuwa nzito. Simu inakuonyesha asilimia ishirini, dakika mbili baadaye imezima. Ukiiweka kwapani inawaka tena. Haijaharibika, ilikuwa imekufa ganzi kama wewe.

Kampuni ya gambuti

Sasa hapa ndipo ninapopenda hii hadithi. Kabla ya haya yote, kulikuwa na mulika mwizi.

Nokia ni kampuni ya Finland, nchi ambayo Januari yake ingefanya Timboroa ionekane Malindi. Ilianza mwaka 1865 kama kiwanda cha kutengeneza massa ya karatasi, na mwaka 1967 iliungana rasmi na kampuni nyingine mbili, moja ikiwa ya mpira iliyotengeneza, kati ya mambo mengine, buti za mpira. Ndiyo, gambuti. Jina la simu yenye tochi liliwahi kuwa jina la gambuti. Kwa mkulima wa waru wa Timboroa hiyo ni ukoo mmoja.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003. Ilikusudiwa masoko kama yetu: vibonyezo vilivyofunikwa vumbi lisiingie, ubavu usioteleza mkononi, na tochi. Ungeweza kupiga simu bila kuangalia, kidole gumba kinajua njia chenyewe. Ungeweza kuibonyeza na glavu, ama na ukucha, ama na kijiti. Betri ilikaa siku kadhaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani.

Na kwenye simu za aina hiyo ndiko Wakenya walijengea kitu kikubwa kuliko vyote. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, baada ya majaribio yaliyoanza 2005. Haikuhitaji intaneti. Haikuhitaji skrini ya kugusa. Menyu ilikaa ndani ya laini ya simu, unateremka kwa kibonyezo, unaingiza nambari nne za siri, umetuma.

Miezi tisa baadaye ikaja ile Desemba ambayo watu wa huku hawapendi kuizungumzia, na sitaizungumzia kama mchezo. Baada ya uchaguzi wa 2007, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ilifungwa kwa vizuizi. Watu walikimbilia makanisani na kwenye vituo vya polisi, na Burnt Forest, hapo chini tu, ikawa na kambi ya waliofukuzwa makwao. Wengi wetu tunaosoma hii tulikuwa watoto. Maduka yalifungwa, kadi za kredo zikaadimika, na walioko mbali wakawa wanawatumia watu wao kredo na pesa kwa simu. Januari 2008 Wakenya wakaanzisha Ushahidi, ramani ya kukusanya ripoti za vurugu, na unaweza kutuma ripoti kwa SMS ya kawaida.

Fikiria hizo mbonyezo. Usiku wa milima hii, mtu yuko nje, vidole vimeganda, anaandika mahali alipo. Simu yake haikuwa janja. Ilikuwa inasikia tu.

Mwaka ule ule wa 2007

Cheki sasa tarehe. Januari 2007 Steve Jobs alisimama jukwaani Marekani akaonyesha iPhone. Aliikejeli ile kalamu ya kugusia skrini na kusema kila mtu tayari amezaliwa na kifaa bora zaidi, kidole chake. Machi 2007, M-Pesa. Miezi miwili tu katikati.

Kwangu huo ndio mwaka njia mbili ziliachana. Upande mmoja, dunia ikaamua simu ni kioo na kidole kitupu. Upande wa pili, Kenya ikaamua simu ni benki, na benki hiyo iko kwenye vibonyezo. Kwa miaka michache njia hizo hazikukutana. Kisha mwaka 2011 Huawei Ideos ikaingia hapa kwa bei ya chini ya shilingi 10,000, na milango ikafunguka. Tukahama. Mimi pia ni mtu wa skrini, maisha yangu yote ya kazi yako ndani yake. Siwezi kukudanganya ati nataka kurudi kwenye mchezo wa nyoka.

Lakini angalia vile wenzetu wa nchi za baridi walivyopokea hiyo kidole kitupu. Mapema 2010, Korea Kusini, baridi kali, watu wakagundua soseji ndogo za kwenye paketi zinagusa skrini vizuri kabisa bila kuvua glavu, kwa sababu nyama ina maji na chumvi kama kidole. Soseji zikauzika sana hadi ikawa habari duniani. Siandiki utani. Na kisayansi hakuna kinachozuia smokie pasua ya stejini kufanya hiyo kazi, ila tu hapa kwetu hiyo smokie itakuwa imeliwa.

Baadaye viwanda vikaamka. Zikaja glavu zenye uzi wa madini kwenye ncha za vidole. Mwaka 2012, ni nani alitoa simu iliyotangazwa kwa kuguswa ukiwa na glavu? Nokia, wale wale wa gambuti, na Lumia 920. Samsung wakafuata na Galaxy S4 mwaka 2013. Leo simu kadhaa zina hiyo sehemu kwenye mipangilio, imeandikwa unyeti wa mguso ama hali ya glavu. Ingia uangalie kama yako inayo. Kumbuka tu simu ya bei ya chini mara nyingi haina, na simu ya bei ya chini ndiyo iko mfukoni mwa bodaboda. Anayekaa nje zaidi ndiye anauziwa skrini isiyojua nje.

"Lakini si ni kitu kidogo?"

Najua kuna msee tayari anasema: buda, unaandika insha nzima juu ya glavu?

Ndiyo. Kwa sababu kitu kidogo kikijirudia mara arobaini kwa siku si kidogo. Bodaboda anayevua glavu mara arobaini mwezi wa Julai atafika mahali aache kuzivaa. Mkono uliokufa ganzi haufiki kwenye breki kwa wakati. Barabara hii ina malori ya Uganda na ukungu, na haimngojei mtu apulizie vidole.

Pia kuna mambo yanayopangwa Nairobi. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022 unaweza kuomba kwa kubonyeza *254# kwenye kabambe yoyote. Mkulima wa mbolea ya ruzuku anaarifiwa kwa SMS. Hayo yalifanywa sawa, na nitayasifu hadharani. Lakini kila mwaka huduma zaidi zinahamia kwenye programu na tovuti zenye vidude vidogo vya kugusa, halafu anayeshikilia kabambe anaitwa mshamba aliyeachwa nyuma.

Hapo ndipo nakataa. Mama anayeuza karoti na waru kando ya barabara na kabambe mfukoni hajaachwa nyuma. Amechagua kifaa kinachofanya kazi na mikono yake ilivyo: yenye maji, yenye udongo, yenye baridi. Wakimbiaji wanaopanda milima ya Kaptagat alfajiri na glavu mikononi, wengi saa zao zina vibonyezo ubavuni. Hakuna anayewaita washamba. Tunaita hiyo vifaa vya kitaalamu.

Kwa hiyo ombi langu, hasa kwa vijana wenzangu mnaosomea kuandika programu pale Eldoret na Nairobi, ni fupi. Moja, msiue USSD. Hiyo *na# mnayoiona ya kizamani ni mlango ambao mtu yeyote anaweza kuufungua hata vidole vikiwa vimeganda. Mbili, fanyeni vitufe vya kwenye skrini viwe vikubwa, na vile vya dharura viwe vikubwa zaidi. Tatu, kabla hamjazindua, pandeni matatu mje Timboroa Juni ama Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mjaribu programu yenu mkiwa mmesimama nje. Ikiwashinda, bado haijaisha.

Na msidhani huku hatuna wabunifu. Angalieni zile pikipiki stejini. Wengi wamefunga kwenye usukani vifuniko vya ngozi ama turubai, mkono unaingia ndani kama kwenye pango, breki na klachi zinabaki humo humo kwenye joto. Hakuna kampuni kubwa iliyotuma mtu kuja kuuliza. Mtu alipigwa na upepo, akaenda kwa fundi wa viti, akamwambia nishonee hivi. Ni akili ile ile ya koti la Greenland linalofungwa kwenye mtumbwi: aliyechora ndiye anayepanda.

Tunachokosa ni simu iliyochorwa hivyo. Na kama kuna mtu wa kuichora, dau langu halitakuwa kwa mtu wa chumba chenye joto. Litakuwa kwa msichana fulani wa huku ambaye saa hii anachimba waru kabla ya kwenda shule, na simu ya mamake imekataa kumsikia.